Tireksi, Spino na Mjusi Wetu

Mimi msimamo wangu ni mmoja na sibadiliki: tireksi anashinda. Mume wangu anasema spino, na tukianza hatumalizi, ugali unapoa mezani tunaangaliana kwa ubaya. Yeye anabishana kwa kujifurahisha tu. Mimi nabishana huku nakumbuka kwamba ubishi huuhuu ulikaribia kuninyima mume, na kila nikikumbuka hapo napumua kama mtu aliyetua debe la maji.

Ilianzia kwenye banda la video pale sokoni Makere. Usifikirie banda la maana. Ni miti, turubai, benchi za mbao zinazochana nguo za watu, televisheni moja na betri ya sola. Cherehani yangu ilikuwa kibarazani upande wa pili wa njia, kwa hiyo filamu zote nilizisikia bila kuziona. Za dinosau ndizo zilizojaza watu, hasa zile zilizotiwa sauti ya Kiswahili, ambamo mtafsiri anampa kila mnyama jina analotaka yeye na maneno ya kusema. Humo ndimo tulimopata tireksi na spino.

Baba yangu alikuwa haendi kilabuni wala hachezi bao. Starehe yake ilikuwa ni banda lile, Jumapili baada ya misa, benchi ya nyuma, kimya.

Nimweleze kidogo. Baba alivuka mto Malagarasi akiwa mgongoni mwa mama yake, wakikimbia vita Burundi. Akakulia huku, akalima huku, akaoa huku, na uraia akaupata akiwa na mvi. Siku alipokabidhiwa hati alikwenda Kasulu kuitolea nakala, akaikunja nakala mara nne, akaitia kwenye nailoni, akaiweka mfuko wa shati. Tangu hapo hakutembea bila hiyo karatasi. Sawa, barabara ya Kasulu kwenda Kibondo ina vizuizi na watu wanaulizwa vitambulisho. Lakini baba alikuwa nayo hata kanisani. Alikuwa nayo hata akipalilia maharage. Mimi ndiye niliyekuwa namfulia, kwa hiyo kila Jumatatu kabla ya kuchovya shati naingiza mkono mfukoni, natoa karatasi, naiweka juu ya jiwe isilowe.

Sasa Jumapili moja filamu ilikuwa imefika patamu. Spino kamshika tireksi shingoni, tireksi anajitikisa, mtafsiri anapiga kelele mpaka sauti inakauka, betri ikafa. Mwenye banda akahangaika na nyaya, wapi. Hakuna aliyeona mwisho. Ungekuwa mpira watu wangesubiri matokeo redioni, lakini vita vya dinosau utauliza wapi? Wakaanza kuvimaliza kwa mdomo.

Vijana wakagawanyika palepale. Hawa wanasema tireksi alikuwa anageuza kibao, wale wanasema toka hapo, shingo imeshashikwa. Ndipo akasimama mwalimu.

Huyu mwalimu alikuwa mstaafu, Muha wa hapahapa, na alinifundisha darasa la tano. Alistaafu kazi, hakustaafu kufundisha. Ukimsalimia njiani anakusahihisha. Akasimama mbele ya ile televisheni iliyozimika, mikono nyuma, sauti ya darasani.

"Sikilizeni niwaeleweshe. Spino ni mrefu kuliko tireksi. Mikono yake ni ya maana, ana kucha kama mundu. Huyo tireksi wenu mikono yake hata kujikuna hawezi. Halafu spino ni Mwafrika, mifupa yake imepatikana kaskazini ya bara letu."

"Lakini mdomo, mwalimu," kijana mmoja akasema. "Tireksi akibana, mfupa unasagika."

"Mdomo utambana nani, na yeye ameshabanwa?"

Watu wakacheka. Hapo, kwa mshangao wangu, nikasikia sauti ya baba. Baba ambaye hata kwenye mkutano wa kitongoji hafungui mdomo.

"Wote hao ni bure," alisema. "Mjusi wetu wa Tendaguru angewakanyaga wote wawili."

Nikaacha kushona. Mjusi wa Tendaguru kila mtoto wa shule anamjua: dinosau mkubwa ajabu, mifupa yake ilichimbwa kule Lindi, ikapelekwa Ujerumani, na mpaka leo watu wanauliza itarudi lini. Baba alimpenda mjusi yule kuliko timu yoyote ya mpira.

"Mzee," mwalimu akasema, "yule alikuwa anakula majani. Kama mbuzi."

Banda likavunjika mbavu. Baba akangoja wamalize, akasema taratibu, "Majani au nyama, ndiye mkubwa. Na ni wetu."

Mwalimu alikuwa ameshaonja kicheko cha watu, akataka kingine. "Wetu? Yule ni wetu sisi, mzee. Wewe wa kwenu katafute ng'ambo ya Malagarasi."

Walicheka mpaka benchi moja ikaanguka. Nilikuwa nimeshasimama, mkasi mkononi, na sijui ningefanya nini nao, lakini nilimuona baba akitoka. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa shati. Hakuitoa ile karatasi. Aliishika tu, hapo juu ya kitambaa, akapita mbele yangu bila kuniona, akaenda nyumbani.

Na mwalimu mwenyewe Lindi hajawahi kufika. Hilo liliniudhi zaidi.

Kilichoniumiza kabisa nilikikuta jioni, kwenye gunia la madaftari yangu ya zamani. Maana mimi ndiye niliyempa baba mjusi yule. Nilipokuwa darasa la tano alikuwa ananiambia nimsomee nilichoandika siku ile, naye anasikiliza huku anapukuchua mahindi. Daftari nikaliona, la kijani, na mwandiko wangu wa kuku. "Mjusi huyu alikuwa mkubwa kuliko wanyama wote na alikula". Basi. Hakuna kingine. Kengele iligonga, nikafunga daftari, nikakimbilia nje. Mimi na baba tukajaza wenyewe. Mnyama mkubwa kuliko wote atakula nini? Tukampa ng'ombe, tukampa mamba, baba akamuongezea kiboko. Miaka yote hiyo baba aliishi na mla nyama wangu wa uongo.

Nikampelekea daftari alipokaa uani. Nikamwambia, "Baba, kosa ni langu. Sikumalizia sentensi."

Akautazama sana ule ukurasa, kisha akanirudishia daftari.

"Mwanangu," akasema, "majani hayakuniuma."

Baada ya hapo hakwenda tena bandani. Mwalimu anaishi upande wa pili wa soko, kwa hiyo walikutana karibu kila siku, na kila siku baba alipita kama anapita mti. Mwalimu mwanzoni alisalimia. Hakujibiwa, akanuna naye. Sokoni watu wakazoea.

Hata mimi ningezoea, ila kulikuwa na jambo ambalo baba alikuwa hajalijua. Nilipokwenda Kibondo kujifunza ushonaji nilikutana na kijana fundi wa pampu za maji. Alikuwa amefanya kazi kambi ya wakimbizi ya Mtendeli mpaka ilipofungwa, akahamia Kibondo mjini. Alikuwa mpole, mcheshi, ana mikono misafi kwa fundi. Tulikuwa tumeshakubaliana, na alikuwa amebakiza kumwambia baba yake alete posa. Na baba yake ndiye mwalimu.

Nilimpigia simu nikamchamba kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Nikamwambia baba yako ana mdomo mchafu. Baadaye akaniambia amezungumza naye, na mwalimu amejibu, "Kwani nilisema nini? Ulikuwa utani tu." Nikamwambia utani una watani, na baba yangu si mtani wake, mwambie hivyohivyo. Nikakata simu, nikalia, nikampigia tena. Nilikuwa nampenda, nifanyeje?

Ilichukua miezi. Msimu wa maharage ukaisha, mtama ukavunwa. Mwishowe mama yangu ndiye aliyemwambia baba nani anataka kuja kuposa. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika mwiko, sipiki chochote.

"Waje," baba alisema. Hakuongeza neno.

Nilitamani angekataa kwa ukali, nijue moja. Lile "waje" lilininyima usingizi wiki nzima. Maana kwetu baba wa binti hana haja ya kukataa kwa mdomo. Posa kwetu ni mtungi. Pombe ya mtama inawekwa katikati, wenyeji upande huu, wageni upande ule, mirija mirefu ndani. Baba wa binti anavuta kwanza. Akimpa baba wa kijana mrija uleule aliouvuta yeye, mazungumzo yanaanza. Asipompa, wageni wanaongea mvua na bei ya mbolea, wanashukuru, wanaondoka, na hakuna aliyetukanwa. Mimi nilijua baba atawakaribisha vizuri, atavuta mrija, na ataushikilia.

Siku ikafika. Wakaja na mshenga, mtu mnene mwenye maneno matamu, na mwalimu ndani ya koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Mimi nilifungiwa chumbani na shangazi, maana binti haonekani mpaka aitwe. Mlango wetu una ufa. Shangazi alikaa mbele ya ufa, nikamwambia ahame au nitapiga kelele. Akahama huku anasonya.

Mshenga akaongea weee. Wamepita njiani, wameona nyumba nzuri, wamesikia kuna ua humu ndani, yale yale. Baba akaitikia, "Ego, ego," ndiyo ya kwetu, kwa adabu zote. Kisha akainama, akavuta mrija. Akanyanyuka. Akaushika.

"Kabla hatujaendelea," baba akasema, "nina swali kwa mwalimu. Kati ya wale mijusi wakubwa walao nyama, wakipigana, nani anashinda?"

Shangazi alinitazama kama baba amepungukiwa. Mshenga akafungua mdomo, akaufunga, maana alikuwa amejiandaa kwa maswali ya ng'ombe. Mimi nilishika kitasa kwa mikono miwili. Wageni wana haki ya kujaribiwa kwa maswali, hiyo ni desturi, lakini hili nililijua linakotoka. Akisema spino kwa ule ubishi wake, nimekwisha. Akicheka, nimekwisha zaidi.

Mwalimu akasimama, mikono nyuma. Nikasema moyoni, Mungu wangu, anafundisha.

"Mzee," akaanza, "nimesoma kidogo tangu siku ile. Spino ni mrefu, hilo nilisema kweli. Lakini mdomo wake mwembamba, ni wa kuvulia samaki. Tireksi kweli anavunja mfupa, yule kijana alikuwa na haki. Na kuna mwingine wa Amerika ya Kusini, mkubwa vilevile, meno yake ya kukata nyama kama kisu. Nilitaka nije na jibu." Nikaona mikono yake imetoka nyuma, hajui pa kuiweka. "Jibu sina, mzee. Huyu aliishi Afrika, yule Amerika, mwingine kwingine, na kati yao kuna miaka isiyohesabika. Hawakuwahi hata kuonana. Waliopigana ni mimi na wewe. Na aliyeuma ni mimi."

Mrija bado uko kwa baba.

"Neno lile la ng'ambo ya mto nililisema ili watu wacheke," mwalimu akaendelea, na sauti ya darasani ilikuwa imekwisha. "Nilikosa. Nisamehe."

Nilidhani yamekwisha. Nilishaanza kushusha pumzi, na shangazi alishaanza kunifunga kitenge vizuri. Baba akatikisa kichwa.

"Oya," akasema. Hapana. "Hapa ni nyumbani kwangu. Hapa hakuna aliyenicheka. Ulilisema bandani."

Jamani, nilimchukia baba yangu kwa dakika nzima, nakiri. Nikawaza, mzee huyu ataniozesha kwa kaburi. Mshenga akaanza, "Lakini wazee wangu, desturi," na baba akamkatiza kwa upole kwamba desturi inasema mrija unapita mbele ya mashahidi, na mashahidi wa jambo hili wako sokoni.

Mwalimu alifikiri kidogo. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akakunja mikono ya shati. "Mtungi nitashika upande huu," akasema.

Wakaubeba. Naapa wakaubeba ule mtungi, mwalimu na mshenga na wajomba zangu wawili, pombe inawamwagikia viatuni, baba mbele ameshika mrija wake wima. Nyuma yao wageni na suti zao, mama na wenzake na vitenge vya sherehe, mchumba wangu kijasho chembamba kinamtoka. Shangazi alinikumbusha kwamba binti hatoki. Nikamwambia binti ametoka, nikapita dirishani.

Bandani kulikuwa kumejaa. Mwenye banda alipouona msafara akasimamisha filamu mwenyewe, bila kuambiwa. Wakautua mtungi katikati ya benchi. Nilijibanza kwenye cherehani yangu upande wa pili wa njia, palepale niliposimama siku ile na mkasi.

Mwalimu hakuhutubia. Alisema maneno machache na nayakumbuka yote. "Mlikuwepo nilipomwambia mzee huyu akatafute mjusi wake ng'ambo ya mto. Lilikuwa neno la kipumbavu. Mjusi wa Tendaguru ni wake kama alivyo wangu. Nchi hii ni yake kama ilivyo yangu. Namuomba msamaha hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipomkosea."

Hakuna aliyecheka. Baba akaufuta mrija kwa kiganja, akauingiza mtunguni, akavuta kidogo. Kisha akampa mwalimu.

Nilikaa chini juu ya vipande vya vitambaa nikalia bila aibu yoyote, kilio kile cha mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Mchumba wangu alikuja akasimama karibu, hathubutu kunigusa mbele ya wazee, akawa anarudia tu, "Amevuta. Baba amevuta. Umeona?" Nilikuwa nimeona.

Kutoka benchi za nyuma kijana mmoja akauliza, "Sasa wazee, tumalizieni. Nani anashinda?"

"Spino," mwalimu akasema, mrija ukiwa bado mdomoni.

"Si umesema mdomo wake ni wa samaki?" baba akamuuliza.

"Mikono lakini, mzee mwenzangu."

"Mikono gani. Mimi nahamia kwa tireksi. Ila mjusi wetu msimguse. Alikula majani, na mimi nakula majani ya sombe kila siku ya Mungu, na bado niko."

Hapo walicheka wote, na baba alicheka kuliko wote. Wakaketi benchi ya mbele na mtungi wao, wakabishana mpaka mshenga alipowakumbusha kwamba walikuwa wamekuja kuposa. Mambo ya ng'ombe yalimalizwa mlemle bandani, haraka haraka, kwa sababu vijana walikuwa wanataka filamu yao.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Nilichota maji, nikaweka beseni uani, nikachukua shati la baba lililonukia pombe ya mtama. Kwa mazoea nikaingiza mkono mfukoni kutoa karatasi. Mfuko ulikuwa mtupu. Nikageuza mifuko yote, nikakung'uta suruali, nikaanza kupekua nyasi njiani alikopita.

"Baba," nikamwita, "karatasi yako imeanguka. Siioni."

Alikuwa mlangoni, ameshavaa shati jingine, anaondoka kwenda Kasulu kwa ndugu wa ukoo kutoa taarifa za harusi. Safari yenye vizuizi vyote njiani.

"Haijaanguka," akasema. "Iko sandukuni. Ya nini kutembea nayo?"